Mtu wa Pili Kwenye Mrija

Jumatano, saa mbili na robo asubuhi, shahidi mkuu wa Siafu alimgeuka.

Shahidi huyo hakuwa mtu. Yalikuwa mate kidogo yaliyopanguswa kwa kijiti cha pamba ndani ya shavu la mtoto wa miaka minne, yakafungwa kwenye mrija, yakapita kwenye mashine ya kusomea vinasaba, na sasa yalikuwa mistari ya rangi kwenye kioo cha kompyuta. Siafu aliitazama mistari hiyo akiwa amesimama. Kukaa hakuweza. Wenzake wa maabara walimpa jina hilo kwa sababu mbili: hatulii mahali pamoja, na akiuma haachii.

"Rudia," alisema.

"Nimerudia mara mbili, mwanangu," alijibu Mzee Mirija, fundi wa mashine. Alikuwa amekalia kiti kile kwa miaka thelathini, hata kiti chenyewe kilishaiga mgongo wake. "Mashine haina undugu na mtu. Ikisema ndivyo, ndivyo."

Siafu alizunguka meza, akarudi pale pale.

Mtoto mwenyewe kwao walimwita Bosi, kwa kuwa nyumba nzima ilimtumikia. Alizaliwa na kichwa kidogo kuliko cha watoto wenzake, na kadiri mwili ulivyokua kichwa kilibaki nyuma. Mwaka uliopita hospitali ilisoma damu yake ikakuta badiliko la herufi moja kwenye jeni inayosimamia seli za ubongo zinapogawanyika mtoto akiwa bado tumboni. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Baba wa Bosi alikuwa na nakala moja iliyobadilika, mama vilevile, na wote wawili ni wazima. Bosi, kwa mujibu wa ile damu, alizibeba mbovu zote mbili.

Kesi ilikuwa imenyooka kama rula. Ila majibu ya hospitali yalikuwa kivuli cha karatasi, fotokopi tu isiyo na muhuri, na damu yenyewe ilishaisha hadi tone la mwisho. Ikabidi sampuli nyingine. Na sampuli nyingine ndiyo hii, iliyosema Bosi ana nakala moja mbovu na nyingine nzima, sawasawa na baba yake na mama yake.

Kama nakala moja nzima iliwatosha wazazi, ingemtosha na yeye. Basi ile herufi haikuwa na hatia, na mkosaji alikuwa kwingine.

Kwingine wapi, watu walikuwa na jibu tayari. Bibi yake Bosi, mzaa baba, alikuwa amepeleka malalamiko kwenye baraza la wakunga. Mkwe wake alipokuwa na mimba ya mtoto huyo, mkunga wa mtaani alimdunga sindano ya pepopunda. Bibi alisema sindano ile ndiyo iliyosinyaza kichwa cha mjukuu wake. Kwa miaka mitatu maneno hayo yalikuwa ya jikoni tu. Mwaka huu yakavaa viatu, yakaenda barazani. Zahanati ya mkunga ilikuwa imepigwa kufuli mwezi wa nne sasa, na Ijumaa saa nne asubuhi baraza lingeamua, kwa ripoti ya maabara, kama atanyang'anywa leseni.

Mkuu wa maabara alisimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Nasikia mtoto amekana."

"Hajakana. Bado tunamhoji."

"Siafu, sikiliza." Mkuu alikuwa mtu wa sauti ya chini, na alipoishusha zaidi ndipo watu walipoogopa. "Kazi yetu ni ngazi ya madaraja matano. La kwanza, badiliko halina madhara. La pili, huenda halina. La tatu, haijulikani. La nne, huenda ndilo chanzo. La tano, ndilo chanzo. Kwa hiki kilichopo mezani, wewe uko la tatu, tena kwa huruma. Andika ulichokiona, funga faili."

"Nikiandika haijulikani, mkunga amekwisha."

"Najua. Pasipojulikana kitu, mwenye sindano ndiye anayejulikana. Lakini hatuandiki kwa kumwonea mtu huruma. Wala wewe hujawahi."

Alikwenda zake. Siafu aliinama kwenye kioo hadi pua ikakaribia kugusa.

Pale ilipotakiwa kuwa herufi moja palikuwa na vilima viwili, kimoja chekundu kwa herufi iliyobadilika na kingine cha bluu kwa herufi ya kawaida. Alifungua faili la baba. Vilima viwili, urefu mmoja, kama mapacha. La mama, mapacha. Akarudi kwa Bosi.

"Mzee, hebu pima hiki cha bluu."

Mzee Mirija alipima. "Kama theluthi hivi."

"Na chekundu?"

"Theluthi mbili. Kelele tu za mashine hizo."

"Kelele zinarudi mara mbili kwa urefu ule ule?"

Mzee alikuna kidevu. Siafu alikuwa ameanza kutembea tena, dirishani hadi jokofuni, jokofuni hadi dirishani.

"Mtu mmoja ana nakala mbili," alisema. "Zikibadilika zote, chekundu peke yake. Isipobadilika hata moja, bluu peke yake. Ikibadilika moja, nusu kwa nusu. Theluthi inatoka wapi? Hakuna binadamu wa theluthi."

"Basi?"

"Basi humo ndani ya mrija hayumo mmoja. Wamo wawili."

Mzee Mirija aliweka miwani mezani, taratibu, kama mtu anayejiandaa kutukanwa. "Unataka kusema mikono yangu."

"Sijasema."

"Umetazama glavu zangu uliposema wawili."

"Nimetazama kila kitu, Mzee. Hata mimi nimejitazama."

"Mimi nimeanza kushika mirija hii mama yako akiwa bado anacheza kombolela." Lakini aliinuka. Hasira yake ilikuwa ya kufanya kazi, si ya kususa. Alileta mrija wa maji matupu waliouendesha siku ile ile pamoja na wa Bosi. Ulikuwa safi kabisa. Kama uchafu ungetoka maabara, maji nayo yangepata. Kisha akatoa dawa za kusomea alama za utambulisho, zile sehemu kumi na sita za vinasaba ambazo kila mtu ana mpangilio wake, akasema, "Nipe hadi saa nane. Mgeni wako nitakuletea na kitambulisho chake."

Saa nane kasoro alimwita. Hakuwa na kinyongo tena, alikuwa na furaha ya mwindaji.

"Si mimi," alisema kwanza.

"Sawa, si wewe."

"Mgeni ni mwanamke. Na kila alama aliyo nayo, ama ni ya baba wa Bosi ama ni ya mama yake. Nikatoa mrija wa yule dada mtu, nikalinganisha. Sehemu kumi na sita kwa kumi na sita."

Dada yake Bosi alikuwa na miaka tisa. Sampuli yake waliichukua siku moja na ya Bosi, na haikuwa na badiliko hata kidogo, bluu peke yake. Siafu alihisi miguu ikiwasha.

"Nesi," alisema, akachukua mkoba.

*

Nesi aliyechukua sampuli alikuwa kwenye korido ya kliniki ya watoto, akipima uzito, na foleni ilifika hadi mlango wa nje. Hakusimamisha kazi.

"Vijiti vya ile nyumba," Siafu alianza. "Ulitumia kimoja kwa watoto wawili?"

"Mama, mshike miguu, asipige teke mizani. Kilo kumi na mbili. Mwingine!" Nesi aligeuka. "Umekuja kunitukana mbele za watu, au nimesikia vibaya?"

"Nauliza."

"Sijui kufungua vijiti viwili, mimi? Kila kimoja kina pakiti yake. Pakiti tupu nilizirudisha kwenu. Zihesabu."

"Ulianza na nani?"

"Na Bosi. Dada mtu nilimfanyia mwisho, alikuwa uani anaosha vyombo."

Siafu alisimama tuli kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kama kijiti kimoja kingetumika kwa wote, mate ya Bosi ndiyo yangeingia kwa dada, si ya dada kwa Bosi. Na mrija wa dada ulikuwa safi. Njia hiyo ilikuwa imeziba.

"Kwa nini hukuchukua damu?"

"Muulize yule bibi. Nilipotoa sindano nusura anitoe na mimi. Alisema sindano ndiyo iliyoleta balaa na haitamgusa tena mjukuu wake akiwa hai. Ndiyo nikatumia pamba."

"Mtoto alikuwa amekula?"

"Masharti nayajua. Nusu saa bila chakula. Bibi aliniambia hajala tangu asubuhi, na ni kweli maana alikuwa analia kama king'ora. Nikaenda kunawa mikono bombani, niliporudi nikamkuta katulia, tuli. Nikamfanyia haraka kabla hajabadili mawazo."

"Nani alimtuliza?"

Nesi aliduwaa kidogo, mkono kwenye mizani. "Hilo sikuuliza. Mtoto akinyamaza, mimi huwa nashukuru tu."

*

Alhamisi saa tatu Siafu alikuwa mlangoni kwa akina Bosi. Vilikuwa vyumba viwili nyuma ya jengo la ghorofa, vyenye uwanja mdogo wa saruji na kamba tatu za nguo. Mama yake Bosi alikuwa fundi cherehani. Baba alikuwa dereva wa lori, akirudi mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mate?"

"Ndimi."

"Kaa. Usisimame kama mdai."

Siafu alikaa kwenye kigoda, goti likitikisika. Mama alikuwa nyuma ya cherehani, futi ya kushonea shingoni, na ukutani kando yake kulikuwa na namba zilizoandikwa kwa penseli, moja kila mwezi: mzunguko wa kichwa cha mwanawe. Ya mwisho ilikuwa sentimita arobaini na mbili. Mwezi uliotangulia, arobaini na mbili. Mwezi kabla ya huo, arobaini na mbili.

Bosi alikuwa juu ya mkeka, ameegemea mto. Alikuwa na macho makubwa yenye ucheshi na alimwonyesha mgeni ulimi.

"Amekusalimia hivyo," alisema Mama. "Akimchukia mtu humgeuzia mgongo."

Siafu aliuliza maswali yake. Mtoto analala na nani? Na Bibi. Anaoga na nani? Peke yake, akishikwa. Kikombe chake anatumia nani? Chake ni chake, akikuona nacho anapiga kelele. Mswaki? Wa kwake. Majibu yalikuwa safi, na usafi wake ulimkera. Goti lilizidi kutikisika.

"Una haja?" Bibi aliuliza.

"Hapana, Bibi."

"Basi tulia, unaniyumbishia nyumba."

Dada mtu alitoka chumba cha ndani akiwa na sare ya shule. Alisoma zamu ya mchana. Alisalimu, akakata kipande cha mkate juu ya meza, akakaa kando ya mdogo wake. Akauma mkate. Akautafuna huku akimfunga Bosi kifungo cha shati, akautafuna hadi ukalainika kabisa, kisha akautoa kwa vidole viwili na kuutia kinywani mwa Bosi. Bosi akameza. Dada akauma tena.

Bibi aliendelea kuchambua mboga. Mama aliendelea kukanyaga cherehani. Hakuna aliyeona kitu, maana jambo la kila siku halionekani.

Goti la Siafu lilitulia.

"Dada," alisema polepole, "siku nesi alipokuja na vijiti, Bosi alikuwa analia. Si ndiyo?"

Msichana aliacha kutafuna. Alimtazama Bibi, akamtazama mama yake, akameza.

"Alikuwa na njaa."

"Ukampa?"

"Kipande kimoja tu. Nesi alikuwa bombani." Sauti ilikuwa imepungua hadi kuwa pumzi. "Hawezi kutafuna. Akitafuna mwenyewe anapaliwa. Mimi nimemtafunia tangu alipoota meno."

Cherehani ilisimama.

"Mimi ndiye niliyemharibia kichwa?"

Siafu alitoka kwenye kigoda, akapiga magoti saruji ikamuuma. "Sikiliza. Alizaliwa hivyo. Siku anazaliwa wewe hukuwa umemgusa. Ulichoharibu ni karatasi zangu, na karatasi ninazo nyingi. Kama si wewe huyu asingekuwa na mashavu haya."

Msichana hakulia. Aliupeleka mkono kwenye mkate, akaurudisha.

"Sasa mimi sijaelewa," alisema Mama.

Siafu alieleza. Pamba ilifuta mate ya wawili, mashine ikasoma watoto wawili kama mmoja. Nakala nzima iliyoonekana ilikuwa ya dada. Ya Bosi yenyewe bado haijulikani. Alihitaji kijiti kingine, leo, sasa hivi: kinywa kisuguliwe kwa kitambaa, kisuuzwe, halafu saa moja kamili bila chakula na bila mkono wa mtu mdomoni mwake.

Bibi aliweka sinia chini.

"Mwanangu, mimi si mjinga. Mashine yako ikisema herufi, yule mkunga anafungua?"

"Baraza ndilo litakaloamua."

"Lakini ikisema hivyo, sindano inatoka safi."

"Ndiyo."

"Na ikiachwa kama ilivyo?"

"Nitaandika haijulikani."

"Kwa hiyo umekuja nyumbani kwangu kuniomba kisu, unichinje nacho."

Siafu angeweza kuzunguka. Hakuzunguka. "Ndiyo, Bibi."

Bibi alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Angalau husemi uongo. Jibu ni hapana."

"Mama," alisema mke wa mwanawe kutoka nyuma ya cherehani. Alikuwa ameishika futi kwa mikono miwili. "Mimi nimekubali."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nasema. Ni mwanangu, Mama. Mie nimepima kichwa hiki miezi arobaini na nane. Nataka kujua ninachopima."

Bibi alimtazama mkwe wake. Kisha akageukia mboga zake. "Saa ndiyo ile," alisema, akinyooshea kidevu saa ya ukutani. "Mimi simo."

Ilikuwa saa nne na dakika nane.

Robo saa ya kwanza Bosi alicheza. Ya pili aliunyooshea mkate mkono, akamtazama dada yake, akafungua mdomo. Dada alikalia mikono yake yote miwili. Bosi akafungua mdomo zaidi, akidhani hakuonekana. Kisha akaanza. Nesi hakutia chumvi, kilikuwa king'ora kweli. Jirani aligonga ukuta. Siafu alimbeba, akatembea naye, mlango hadi dirisha, dirisha hadi mlango, na kwa mara moja maishani kutotulia kwake kulikuwa na faida. Alipochoka Mama alikanyaga cherehani bila kitambaa, na ule mngurumo ulimnyamazisha Bosi kwa dakika tano. Halafu akaanza upya.

"Dakika ngapi?" Dada aliuliza.

"Ishirini zaidi."

"Ni nyingi."

"Najua."

Zikiwa zimebaki kumi na mbili, Bibi alisimama. Alikwenda mezani, akamega mkate. Siafu, na mtoto mikononi, alihesabu hatua kutoka meza hadi alipo: nne. Bibi alitembea mbili.

"Hiyo herufi," alisema, "imetoka wapi?"

"Moja kwa baba yake, moja kwa mama yake."

"Na mwanangu aliipata wapi?"

"Kwa mmoja wa wazazi wake. Kwako, au kwa marehemu mumeo."

Bosi alikuwa ameuona mkate. Alinyoosha mikono yote. Bibi aliutazama mkate kiganjani kana kwamba aliwekewa na mtu mwingine. Kisha akautia kinywani mwake mwenyewe, akautafuna, akaumeza.

"Marehemu alikuwa mtoto wa mjomba wangu," alisema. "Na huyu mkwe nilimchagua mimi, ukoo ule ule. Nilitaka damu tunayoifahamu." Alikaa, si kwenye kigoda chake bali chini, mkekani. "Nilizaa saba. Wa nne alikuwa na kichwa kama ngumi yangu hii. Mama mkwe alisema mimi nilikula kitu. Aliishi mwaka na nusu, na mwaka na nusu nzima niliulizwa nilikula nini."

Cherehani haikuwa ikilia. Mama alikuwa amefunika mdomo.

"Hukuwahi kutuambia," alisema.

"Ningeanzia wapi?"

Saa tano na dakika nane Siafu alichana pakiti mbele ya wote. Bosi, alipoona mkono unakuja, alifungua mdomo kwa matumaini makubwa. Kijiti kilizunguka shavu la kulia mara kumi, la kushoto mara kumi. Alipofunga mrija, Dada alikuwa tayari na mkate kinywani, akitafuna upesi, machozi yakimtiririka.

*

Ijumaa saa mbili kasoro Mzee Mirija alimpisha kiti. Siafu hakukaa.

Kilima kimoja, chekundu, kimenyooka. Pale pa bluu palikuwa sawa kama uso wa meza. Alama za utambulisho kumi na sita, zote za mtu mmoja.

Mkuu alikuja na kikombe chake. "Nihesabie."

"Nje ya familia hii, badiliko hili halimo kwenye kumbukumbu zozote tulizo nazo za watu wasio na ugonjwa. Programu za kompyuta zinasema linaivuruga kazi ya jeni. Dalili za mtoto ni zile zile za jeni hii. Ana nakala mbili mbovu. Wazazi moja moja, na dada mzima hana hata moja."

"Na yule mtoto wa bibi?"

"Simwandiki kama ushahidi. Hana sampuli. Nimemtaja pembeni."

"Daraja?"

"La nne."

"Siafu anayeuma bila kuachia? Kwa nini usipande la tano?"

"Ni familia moja tu. Nikipata nyingine yenye badiliko hili, nitapanda."

Mkuu alitia saini yake chini ya ya Siafu, akatazama saa. "Kimbia."

Chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu na viti visivyofanana. Mkunga alikaa peke yake upande wa dirisha, mwanamke mnene aliyevaa sare yake ya kazi, iliyokaa miezi minne na pasi yake bila kuvaliwa. Upande wa pili alikaa Bibi na mkwe wake. Mwenyekiti wa baraza alisoma ripoti yote kwa sauti, akijikwaa kwenye namba, hadi mwisho: badiliko hili huenda ndilo chanzo, nalo lilikuwapo tangu siku mimba ilipotungwa, kabla ya sindano yoyote.

"Huenda," alisema mjumbe mmoja mwenye tai. "Huenda ni neno la mtu anayetafuta mlango."

"Kwenu," Siafu alijibu. "Kwenye ngazi yetu, huenda ni zaidi ya tisini kwa mia. Chini ya hapo siruhusiwi kulitamka."

Mwenye tai aliandika kitu, akakifuta.

"Mlalamikaji," alisema mwenyekiti. "Umesikia. Bado unasimama na malalamiko yako?"

Bibi alisimama. Hakulitazama baraza. Alivuka chumba kizima kwa hatua zake fupi hadi mbele ya mkunga, akasimama pale, mikono ikishika ncha za kanga. Siafu alijikuta ameshika ukingo wa meza.

"Mkwe wangu ana mimba ya miezi mitatu," Bibi alisema. "Wengine hawajui, wewe jua. Ya pepopunda anatakiwa aipate wiki ijayo. Unafungua saa ngapi?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Siafu alihesabu bila kutaka uwezekano wa huyo naye kubeba mbovu zote mbili: moja kati ya nne. Kazi nyingine, ya kuanza leo leo.

Mkunga alinyoosha kola ya sare yake.

"Mimi hufungua saa moja," alisema. "Ila ufunguo wanao hawa."

Wote waligeukia meza ndefu. Mwenyekiti alivuta droo ya kwanza, akapekua, akaifunga. Akavuta ya pili.